Jinsi Seli Zinavyopokea Ujumbe: Vipokezi na Njia za Ishara

Chukua swali hili, ambalo kwa sura moja au nyingine hurudi katika mada ya homoni: "Eleza jinsi insulini inavyopunguza kiasi cha glukosi katika damu." Wapo wanafunzi wanaoandika kuwa insulini huibeba glukosi na kuingia nayo ndani ya seli. Wapo wanaoandika kuwa insulini huivunjavunja glukosi kama kimeng'enya. Majibu yote mawili hayapati alama, na chanzo cha kosa ni kimoja: mwanafunzi anadhani homoni yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Homoni hutoa taarifa tu. Anayetenda ni seli, kwa vifaa ilivyonavyo tayari. Mada hii ina majina mengi magumu, lakini ukilishika wazo hili majina hayo yatakaa mahali pake.

Kipokezi ni nini?

Damu hupeleka homoni kila mahali. Adrenalini inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo hupita kwenye moyo, ini, ngozi na utumbo bila kuchagua. Kinachochagua ni kipokezi, yaani protini yenye sehemu ambayo umbo lake linalingana na umbo la molekuli fulani ya ujumbe. Seli yenye kipokezi cha homoni fulani huitwa seli lengwa ya homoni hiyo. Seli isiyo nacho hupitwa na homoni hiyo hiyo bila kujua kuwa imepita.

Bila shaka unaukumbuka mfano wa kufuli na ufunguo kutoka mada ya vimeng'enya. Unafaa hapa pia, ila kuna tofauti moja ambayo watahini hupenda kuipima. Kimeng'enya hubadilisha kile kinachoingia ndani yake: wanga huingia, sukari hutoka. Kipokezi hakiibadilishi homoni. Kinachobadilika ni kipokezi chenyewe, umbo lake hupinda kidogo, na upindaji huo ndio unaosikika upande wa ndani wa utando.

Si kila ujumbe husafiri kwa damu. Neva hutoa kemikali zake kwenye mwanya mwembamba wa sinapsi, na kemikali hizo huvuka hadi seli ya pili papo hapo. Seli za kidonda huziarifu seli jirani tu. Kanuni ni ile ile kwa zote: pasipo kipokezi, hapana jibu.

Ujumbe unaoingia na ujumbe unaobaki nje

Unapokutana na homoni yoyote, jiulize kwanza kama inayeyuka kwenye mafuta au kwenye maji. Utando wa seli una tabaka mbili za fosfolipidi, na katikati yake ni mafuta matupu. Testosteroni, estrojeni na kotisoli hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo hupenya utando huo bila taabu na kukuta vipokezi vyao ndani, kwenye saitoplazimu au kwenye kiini. Homoni ikishashikana na kipokezi chake, viwili hivyo hujishika kwenye DNA na kuwasha au kuzima jeni fulani. Kazi hii ni ya polepole, saa kadhaa au hata siku, maana protini mpya lazima zitengenezwe. Ndiyo sababu sauti ya mvulana haibadiliki kwa usiku mmoja.

Adrenalini, insulini na glukagoni huyeyuka kwenye maji. Hazina ruhusa ya kupita kwenye mafuta, na vipokezi vyao vimesimama kwenye utando, kichwa nje na mguu ndani. Baadhi ya vipokezi vya utando ni milango ya ayoni inayofunguka moja kwa moja. Baadhi ni vimeng'enya. Na vingine, ambavyo ni vingi mno mwilini, hufanya kazi kwa kuamsha protini iitwayo protini G. Tutaanza na hivi vya mwisho kwa sababu ndivyo vyenye safari ndefu zaidi, na maswali ya kueleza kwa hatua hutoka hapo.

Adrenalini inapofika kwenye ini

Tuseme unatoka shule jioni na mbwa wa jirani amekata mnyororo. Kabla hujapiga hatua kumi, glukosi imeanza kuongezeka katika damu yako ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Imetoka wapi? Imetoka kwenye glikojeni iliyohifadhiwa katika ini. Fuata njia yake.

Adrenalini hujishika kwenye kipokezi cha seli ya ini. Kipokezi hiki ni mnyororo mmoja wa protini uliopenya utando mara saba, kama uzi wa fundi cherehani unaoingia na kutoka kwenye kitambaa. Kikipinda, sehemu yake ya ndani huisukuma protini G. Protini G ikiwa imelala hushika molekuli iitwayo GDP. Ikisukumwa huiachia GDP na kushika GTP, na hapo inakuwa macho. Kipande chake kimoja huteleza chini ya utando mpaka kwenye kimeng'enya adenili saiklasi na kukiamsha.

Adenili saiklasi huchukua ATP, huondoa fosfeti mbili, na kilichobaki hukifunga kuwa duara. Zao hili huitwa AMP ya duara, na kwa kifupi huandikwa cAMP. Ni molekuli ndogo, inayeyuka kwenye maji, na husambaa upesi kwenye saitoplazimu. Kwa kuwa homoni ni mjumbe wa kwanza aliyebaki mlangoni, cAMP huitwa mjumbe wa pili.

Mjumbe wa pili huamsha protini kinasi A. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine, na fosfeti hiyo ndiyo swichi inayotumika karibu kila mahali ndani ya seli. Kinasi A huiwasha kinasi nyingine, nayo huwasha glikojeni fosforilasi, kimeng'enya kinachokata glikojeni kipande kwa kipande. Vipande hivyo hubadilishwa kuwa glukosi, na glukosi huingia kwenye damu. Wakati huo huo kinasi A huzima kimeng'enya kinachojenga glikojeni. Seli haijazi ghala na kulitoa mali kwa wakati mmoja.

Kwa nini hatua zote hizi, wakati mlango mmoja ungetosha? Sababu kubwa ni ukuzaji wa ishara. Kimeng'enya kimoja kilichoamshwa hakifanyi kazi mara moja tu kikachoka. Hutengeneza molekuli nyingi. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kuwa kila hatua huzidisha ishara mara 100. Baada ya hatua 3, molekuli 1 ya adrenalini imezaa matokeo 1,000,000. Adrenalini iliyomo kwenye damu ni kidogo sana, lakini ini hutoa glukosi ya kutosha kukuvusha uzio.

Aliyefichua njia hii ni Mmarekani Earl Sutherland, katika miaka ya 1950. Alizivunja seli za ini na kutenganisha vipande vya utando na maji ya seli. Adrenalini ilipowekwa kwenye maji ya seli peke yake, fosforilasi haikuamka. Ilipowekwa kwenye vipande vya utando, kilitokea kitu kidogo kisichoharibiwa na joto, na kitu hicho kilipohamishiwa kwenye maji ya seli, kazi ilianza, ingawa utando haukuwapo. Kitu hicho kilikuwa cAMP. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Jaribio hili linafaa kukumbukwa, maana linathibitisha kwa mikono jambo tulilolisema mwanzoni: homoni iliishia kwenye utando.

Kuzima ishara

Wanafunzi wengi huishia kwenye glukosi na kuweka kalamu chini. Usifanye hivyo. Ishara isiyozimwa ni hatari kuliko ishara isiyofika, na baadaye utaona mfano wake ukiua watu.

Mbwa akishafungwa, tezi hupunguza adrenalini na ile iliyokuwa kwenye kipokezi huachia. Protini G ina saa yake yenyewe: huikata GTP iliyoishika kuwa GDP, na kwa tendo hilo hurudi kulala. Kimeng'enya kingine huvunja cAMP. Vimeng'enya viitwavyo fosfatasi hubandua fosfeti zilizobandikwa na kinasi. Kila hatua iliyowashwa ina mzimaji wake. Kati ya hao wote, weka alama kwenye protini G na tabia yake ya kujizima.

Ujumbe mmoja, majibu tofauti

Adrenalini hiyo hiyo iliyofungua ghala la ini hufanya moyo upige kwa kasi, hulegeza misuli ya njia za hewa kwenye mapafu ili upumue vizuri, na hukaza mishipa ya damu ya utumbo ili damu ihamie kwenye miguu. Mahali pamoja inakaza, pengine inalegeza. Ufafanuzi ni kwamba kuna aina kadhaa za vipokezi vya adrenalini, na hata pale kipokezi kinapofanana, vifaa vya ndani vinatofautiana. Seli ya ini ina glikojeni ya kukata. Seli ya njia ya hewa ina nyuzi za kulegeza.

Tofauti hii ya vipokezi ndiyo inayowawezesha watengeneza dawa kulenga mahali wanapotaka. Salbutamoli, dawa ambayo mwenye pumu huivuta kwa mdomo, ina umbo linaloingia zaidi kwenye aina ya vipokezi vya adrenalini vilivyo kwenye njia za hewa, na kidogo tu kwenye aina iliyo kwa wingi kwenye moyo. Kidogo hicho ndicho kinachomfanya mgonjwa ahisi moyo ukienda mbio baada ya kuvuta. Zipo pia dawa zinazoingia kwenye kipokezi na kukaa bila kukiamsha, zikiziba nafasi. Kahawa hufanya hivyo: kafeini huziba vipokezi vya kemikali iitwayo adenosini, ambayo kazi yake kwenye ubongo ni kuleta usingizi.

Sasa turudi kwenye insulini

Kipokezi cha insulini ni cha aina nyingine. Chenyewe ni kinasi. Insulini, protini ndogo ya amino asidi 51, ikijishika upande wa nje, sehemu za ndani za kipokezi hubandikana fosfeti, kisha huzibandika kwenye protini nyingine, na mlolongo unaendelea. Katika seli za misuli na mafuta mlolongo huo huishia kwenye vijifuko vilivyohifadhiwa ndani ya seli. Vijifuko hivyo vina protini za kupitishia glukosi. Vikipata ishara husogea hadi kwenye utando na kuungana nao, na ghafla utando una milango mingi. Glukosi huingia yenyewe kwa sababu ni nyingi nje kuliko ndani. Katika ini, ishara hiyo hiyo huwasha ujenzi wa glikojeni na kuzima ukataji wake.

Jibu la swali letu la mwanzo basi litajaje mstari huu: kongosho hutoa insulini; insulini hujishika kwenye vipokezi vya utando; njia ya ishara huamshwa ndani; milango ya glukosi huongezeka kwenye utando wa seli za misuli na mafuta; glukosi huingia; ini huigeuza kuwa glikojeni. Ukiongeza kuwa ubongo hupata glukosi bila kungoja insulini, umeonyesha kuwa umeelewa.

Ugonjwa wa kisukari sasa unaeleweka kwa urahisi. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili imeharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini: mlango upo, kipokezi kipo, ujumbe haupo. Kabla ya mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipopata insulini katika maabara ya Toronto, Kanada, mtoto mwenye aina hii hakuwa na matumaini ya kuishi miaka mingi. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza walichomwa sindano wakapata nafuu. Hadi leo insulini ya kisukari huchomwa. Haimezwi kama kidonge cha kawaida, kwa kuwa ni protini na tumbo lingeimeng'enya kama maharage. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, insulini mara nyingi ipo, pengine hata nyingi, lakini mlolongo wa ndani umekuwa mzito wa kusikia. Mgonjwa wa aina ya kwanza hawezi kuishi bila kupewa ujumbe wenyewe. Wa aina ya pili kwa kawaida huanza kwa kupunguza uzito, mazoezi na dawa zinazosaidia mwili usikie.

Kipindupindu: swichi iliyokwama

Hapa ndipo mada hii inapotoka kwenye kitabu. Mtu mzima mwenye afya asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni kwa kipindupindu. Katika hali kali mgonjwa huweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kwa saa. Cha kushangaza ni kwamba bakteria wake, Vibrio cholerae, hawaingii ndani ya seli za utumbo wala hawazitoboi. Wanakaa juu yake na kutoa sumu, na sumu hiyo huharibu jambo moja tu. Kuwa sumu ndiyo yenye lawama kulionyeshwa mwaka 1959 na Mhindi S. N. De, akifanya kazi Calcutta.

Sumu hiyo ni protini yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, yenye vipande 5, hujishika kwenye molekuli ya mafuta na sukari iliyo juu ya utando wa seli za utumbo mwembamba, molekuli ambayo haikuwekwa pale kwa ajili ya kipindupindu. Sehemu ya pili hupata njia ya kuingia ndani na kuitafuta protini G. Ikiipata, huibandika kipande cha kemikali mahali panapoizuia kukata GTP. Unakumbuka saa ile ya kujizima? Imeharibiwa. Protini G inabaki macho, adenili saiklasi inaendelea kutengeneza cAMP bila kikomo, na kinasi A haipumziki.

Katika seli ya utumbo, kinasi A haina glikojeni ya kushughulikia. Hufungua milango ya ayoni za kloridi. Kloridi humwagika kwenye uwazi wa utumbo, sodiamu hufuata kwa sababu ya chaji, na maji hufuata chumvi kwa osmosisi. Kuharisha kule kunakofanana na maji ya mchele ni maji ya damu ya mgonjwa mwenyewe yakitoka kupitia mlango uliokataa kufungwa. Anayekufa kwa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi.

Kwa nini basi asinywe maji tu? Maji matupu hayafyonzwi vizuri, maana mvuto wa chumvi unaelekea nje. Lakini kwenye utando huo huo wa seli za utumbo kuna protini nyingine, ya kusafirisha, ambayo huingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Moja haipiti bila nyingine. Protini hii haiko kwenye njia ya cAMP, kwa hiyo sumu haijaigusa. Ukimpa mgonjwa maji yenye chumvi na glukosi, sodiamu na glukosi huingia ndani ya seli kupitia mlango huu, na maji huzifuata. Hivyo ndivyo ORS inavyofanya kazi. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu katika lita 1, pamoja na potasiamu na sitrati. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundikia mishipani akaamua kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilipungua sana.

Pakiti ya ORS isipopatikana, kipimo cha nyumbani ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usikisie. Chumvi ikizidi inamdhuru mgonjwa, na sukari ikizidi huvuta maji zaidi kuingia utumbo na kuongeza kuharisha. Mgonjwa aanze kunywa akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Aliyezidiwa, asiyeweza kunywa, anahitaji maji ya mishipani. Kuharisha hakukomi mara moja, kwa kuwa swichi bado imekwama; ORS hurudisha kinachopotea wakati mwili unapambana na bakteria na seli zilizoathirika zikibadilishwa na mpya, jambo ambalo utumbo hulifanya kila baada ya siku chache.

Swali la mazoezi

Mkulima amepulizia shamba kiuatilifu cha jamii ya oganofosfeti bila kujikinga. Baada ya muda anatokwa mate na machozi mengi, mboni za macho zimekuwa ndogo, misuli inatetemeka na anapumua kwa shida. Kiuatilifu hicho huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kwenye sinapsi. (a) Eleza dalili hizo. (b) Hospitali anapewa atropini, ambayo huziba vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi na misuli laini. Mate na machozi yanapungua, lakini misuli ya mikono na kifua bado ni dhaifu. Kwa nini?

Jibu. (a) Asetilikolini hutolewa na neva na kujishika kwenye vipokezi vya tezi na misuli. Kwa kawaida kimeng'enya huivunja mara moja na ishara hukoma. Kimeng'enya kikizuiwa, asetilikolini hurundikana na kuendelea kuviamsha vipokezi: tezi hutoa mate na machozi mfululizo, misuli ya mboni hukaza, misuli ya mwili hutetemeka na hatimaye kushindwa kujibu, ikiwamo ile ya kupumulia. (b) Asetilikolini ina aina mbili za vipokezi. Vile vya tezi na misuli laini hufanya kazi kupitia protini G, na atropini inavitosha. Vile vya misuli ya mifupa ni milango ya ayoni yenye umbo tofauti, na atropini haiingii humo, hivyo mgonjwa huyu anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua kwa mashine hata baada ya mate kukauka.